KOMBE LA MTOANO NA HAKI YA TIMU NDOGO

Mashindano ya Kombe la Uganda yalianza mwaka 1971, na kwa miaka mingi wapenzi wa kandanda waliyajua kwa jina la Kombe la Kakungulu, kwa heshima ya Mwanamfalme Badru Kakungulu. Mshindi wake hupata nafasi ya kuiwakilisha Uganda katika Kombe la Shirikisho la Afrika. Lakini thamani ya kombe hilo haiko kwa mshindi peke yake. Hayo ndiyo mashindano ambamo timu kutoka daraja la chini inaweza kukutana uwanjani na timu ya Ligi Kuu, na kuitoa.

Ni vyema kwanza kueleza tofauti iliyopo kati ya ligi na mtoano. Ligi ya timu 16, zinazocheza nyumbani na ugenini, ina michezo 240, na kila timu hucheza mara 30. Timu iliyoteleza siku moja ina nafasi ya kujirekebisha wiki inayofuata. Mtoano haufanyi hivyo. Timu 64 zikiingia, zitachezwa duru sita na michezo 63 tu, kwa kuwa kila mchezo huitoa timu moja, hadi ibaki moja iliyoshika kombe. Katika duru ya kwanza peke yake timu 32 hufunga virago.

Kwa mpango huo, ligi humpa ushindi mwenye akiba: wachezaji wengi, usafiri wa uhakika na fedha za msimu mzima. Mtoano humpa nafasi aliyejiandaa kwa siku moja. Klabu ya Proline ilikuwa ikicheza katika ligi ya daraja la pili msimu wa 2018/19, na hali hiyo haikuizuia kulitwaa Kombe la Uganda mwaka 2019 kwa kuishinda Bright Stars, iliyokuwa katika Ligi Kuu.

Nchi nyingine zimeona kwamba hata hivyo haitoshi. Uingereza ina Kombe la FA lililo wazi kwa vilabu vingi vya madaraja ya chini, lakini vilabu vidogo haviwezi kutumaini kufika fainali. Chama cha mpira cha huko kilianzisha mwaka 1974 kombe la pekee kwa ajili ya vilabu vya ngazi za chini, liitwalo FA Vase. Mwaka 1975 klabu ndogo ya Hoddesdon Town ililitwaa kwa mara ya kwanza kwa kuifunga Epsom and Ewell mabao 2 kwa 1 katika uwanja wa Wembley. Wachezaji ambao wasingeota kuukanyaga uwanja huo waliondoka na kombe mikononi.

Iwe ni kombe moja kwa wote au kombe la wadogo peke yao, sharti moja halibadiliki: timu hukubaliwa ikiwa imo katika ngazi za mpira zinazotambuliwa, kuanzia ligi ya wilaya, kupanda ligi ya mkoa, na kuendelea juu. Hapo ndipo linapoingia swali la Kabazana.

Kabazana imo katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, kusini mashariki mwa mji wa Mbarara. Makazi hayo yalianza mwaka 1958 kwa kuwapokea wakimbizi kutoka Rwanda. Baadaye walifika Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengineo, na Kiswahili kikawa lugha ya kuwakutanisha sokoni na uwanjani. Kijana wa Kabazana anayetazama mbele huuona uwanja wa Kakyeka, Mbarara. Klabu ya Mbarara City ilionyesha kwamba njia ya kutoka magharibi ipo, ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2017.

Kwa kijana huyo kikwazo cha kwanza ni karatasi. Kanuni za Shirikisho la Soka la Dunia, FIFA, hukataza kwa kawaida kumsajili mchezaji wa kigeni aliye chini ya umri wa miaka 18. Kanuni hiyo iliwekwa kwa nia njema, ili watoto wasigeuzwe bidhaa. Lakini kanuni hizo hizo zina milango ya halali. Mtoto ambaye wazazi wake walihama kwa sababu zisizohusu mpira anaweza kuombewa ruhusa; vivyo hivyo mtoto aliyekimbia hatari bila wazazi; na aliyeishi nchini mfululizo kwa muda usiopungua miaka mitano naye ana njia yake.

Mchezaji aliyekwisha kusajiliwa katika nchi nyingine huhitaji hati ya uhamisho ya kimataifa. Wengi hudhani kwamba lazima mtu arudi alikotoka kuitafuta. Sivyo. Hati hiyo huombwa na shirikisho la nchi anayoingia, kwa niaba ya klabu inayomtaka. Mkimbizi hatakiwi kuvuka mpaka alioukimbia kwa sababu ya mpira.

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 nayo inampa mkimbizi haki ya kupata kitambulisho na ya kusafiri ndani ya nchi kwa kufuata taratibu. Kwa hiyo sheria haimfungii mlango mchezaji wa Kabazana. Kinachomfungia ni kuchelewa: kiongozi wa timu anayeanza kutafuta tarehe za kuzaliwa na vyeti vya familia zikiwa zimebaki siku chache kabla ya usajili kufungwa, na ombi la mtoto linalokaa mezani bila mtu wa kulifuatilia.

Hasara yake ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Katika mtoano, mchezaji mmoja asiyesajiliwa kwa halali akichezeshwa, timu nzima yaweza kunyang'anywa ushindi wake, na hakuna wiki ya pili ya kujirekebisha.

Hapana budi, basi, viongozi wa timu za makazi, vyama vya mpira vya wilaya na maofisa wanaowahudumia wakimbizi washirikiane mapema. Daftari la wachezaji liandaliwe mtoto akiwa bado mdogo, vyeti vyake vihifadhiwe, na timu isajiliwe katika ligi ya wilaya kabla ya kuwaza kombe. Kazi hiyo haina shangwe wala haina watazamaji. Lakini bila ya hiyo, kijana hodari wa Kabazana ataendelea kuusikiliza mchezo wa Kakyeka redioni, hali miguu yake ingeweza kuwa uwanjani.