Antena Moja, Redio Tatu: Zima Zote Kabla ya Kupanda

Fundi wa minara ya redio koli hawezi kugusa antena kabla ya kuuliza: imezimwa? Lakini antena moja inapohudumia polisi, zimamoto na magari ya wagonjwa kwa pamoja, swali hilo halitoshi. Redio moja huweza kuwa kimya huku nyingine mbili zikirusha kupitia chuma kilekile.

Antena huchangiwa kwa sababu nafasi kileleni mwa mnara ni chache na kila kinachotundikwa pale huongeza mzigo wa upepo. Kazi iko kwenye nguvu. Redio ya kituo inarusha kwa wati 50, na wakati huohuo inasikiliza gari la wagonjwa lililo mbali, ambalo wimbi lake likifika huwa dhaifu mara milioni milioni elfu kumi. Bila kuchuja, linamezwa.

Vichujio vyenyewe ni makopo ya shaba au alumini. Kwenye megahezi 150 wimbi lina urefu wa mita 2, na kopo huwa na robo yake, kama sentimita 50. Kila kopo hupitisha masafa yake na kuyazuia ya jirani. Kwa kuwa joto hulitanua kopo na kuhamisha masafa yake, fimbo ya ndani mara nyingi huwa ya inva, aloi ya chuma na nikeli ambayo haitanuki kwa urahisi. Hata hivyo mnara wenye kutu huharibu yote: masafa ya 150 na 151 yakikutana kwenye bolti iliyoshika kutu huzaa 149 na 152. Kama 152 ndiyo masafa ambayo gari la wagonjwa linarushia, kituo hakilisikii.

Kwa afya, mawimbi haya si kama eksirei; hupasha mwili joto. Macho na korodani ndivyo vya kuhofia zaidi, maana damu ya kuvipoza ni kidogo. Mwongozo wa 2020 wa ICNIRP, tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi isiyoayonisha, kwa masafa haya, unamwekea mfanyakazi kikomo cha wati 10 kwa mita ya mraba, na mwananchi wati 2, kwa wastani wa dakika 30. Redio tatu zikirusha pamoja, nguvu zao hujumlishwa. Kuigusa antena inayorusha kunaweza kuunguza papo hapo.

Kwa hiyo orodha ya redio zote zinazotumia antena ibandikwe mlangoni mwa chumba cha mitambo. Kila swichi ifungwe kwa kufuli, na funguo zote awe nazo fundi anayepanda. Mawasiliano ya magari ya wagonjwa yapitishwe kwenye antena nyingine ya muda hadi atakaposhuka.