Boga na Mboga: Somo Kutoka Jikoni

Wapo wanafunzi wetu wanaoweza kuchambua tamathali za usemi kwa Kiswahili fasaha, lakini wakiombwa waeleze jinsi chakula cha jioni kinavyopikwa nyumbani kwao, hukwama. Upungufu huu si mdogo. Kiswahili kilipitishwa kuwa lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, na lugha inayoishia darasani haimfai mtu sokoni wala jikoni. Makala haya yanaeleza upishi wa boga bichi pamoja na maneno yanayomtatiza Mnyarwanda katika upishi huo.

Tuanze sokoni. Boga ndilo igihaza kwa Kinyarwanda. Nchini Kenya wengi huliita malenge. Kwa kuwa Kinyarwanda kina neno imboga, lenye maana ya mboga, mwanafunzi huchanganya boga na mboga. Ukiomba mboga kwa muuzaji anayejua Kiswahili katika soko la Kimironko, utapewa mchicha au kabeji. Boga limo katika ngeli ya LI-YA, ilhali mboga imo katika ngeli ya I-ZI. Majani ya mmea wa boga, ambayo sisi huyaita ibisusa, kwa Kiswahili ni msusa. Mfanano huo utamsaidia mwanafunzi kukumbuka.

Chagua boga zito, lenye kikonyo kikavu na ganda gumu lisilopenywa na ukucha. Boga zima hukaa wiki kadhaa mahali pakavu penye hewa, lakini likishakatwa lipikwe mapema. Lipasue, kisha ukombe mbegu na nyuzinyuzi. Mbegu zisitupwe: zioshwe, zianikwe na kukaangwa bila mafuta.

Hapa pana mtego. Mapishi mengi yatakuambia, "Menya boga." Kwa Kinyarwanda, kumenya ni kujua. Kwa Kiswahili, kumenya ni kuondoa ganda, yaani guhata. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniandikia kwamba mpishi hana budi kulijua boga vizuri kabla ya kulikata!

Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo kweli ni lazima alijue. Aonje kipande kidogo kabla ya kupika. Kikiwa kichungu, akiteme na boga zima litupwe. Uchungu huo hutokana na sumu ya asili ambayo haiondoki kwa kupikwa, nayo huweza kuleta maumivu ya tumbo, kutapika na kuhara.

Kwa upishi wa kwetu, chemsha maharagwe mpaka yakaribie kuiva. Panga juu yake vipande vikubwa vya boga pamoja na maganda yake, tia chumvi, funika, kisha uache viive kwa dakika 20 hadi 30. Maji yasiwe mengi, kwa kuwa boga lenyewe lina maji.

Watu wa pwani hupika boga la nazi, ambalo hupendwa sana kwa futari wakati wa Ramadhani. Limenywe, likatwe vipande, lichemshwe kwa maji kidogo yenye chumvi. Likilainika, tia tui zito, sukari kidogo na iliki. Acha lichemke polepole kwa moto mdogo, ukiitikisa sufuria badala ya kukoroga ili vipande visivurugike. Mafuta ya tui yana faida nyingine: husaidia mwili kufyonza beta-karotini, ile rangi ya manjano ya boga ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A.

Walimu wenzangu, upishi huu unatosha kwa somo zima. Wanafunzi waandike maelekezo kwa kutumia kauli ya kutendwa: lioshwe, limenywe, likatwe. Kisha wayaandike upya kwa kutumia hu- ya mazoea: huoshwa, humenywa, hukatwa. Mwisho, kila mmoja aeleze kwa mdomo chakula kimoja cha nyumbani kwao. Atakapokwama, hapo ndipo mwalimu atakapojua neno la kufundisha.