Siri ya sahani ndogo: Mteja hulipia nini katika mkahawa wa kifahari Modena?

Na MWANDISHI WETU

HEBU fikiria umeketi mezani na njaa yako, kisha mhudumu aliyevalia nadhifu anakuletea sahani yenye tambi sita pekee, zimepangwa mstari mmoja mfano wa wanafunzi wanaoelekea gwaride. Hakuna cha kuongezwa. Ukizimaliza, sahani huondolewa nawe husubiri nyingine iliyo ndogo vilevile.

Hivyo ndivyo Massimo Bottura alivyowaandalia wateja tortellini katika miaka ya awali ya mkahawa wake, Osteria Francescana, alioufungua mwaka wa 1995 mjini Modena, kaskazini mwa Italia. Wenyeji walighadhabika. Kwao, tortellini, vifuko vidogo vya unga vilivyojazwa nyama, huliwa kwa bakuli lililojaa supu, na mapishi yake ni urithi wa nyanya kwa wajukuu. Kumpa mtu sita za kuhesabu kulionekana kuwa dharau kwa mila.

Hata hivyo, mkahawa huo ulikuja kutunukiwa nyota tatu za Michelin, kiwango cha juu kabisa katika fani hiyo, na mnamo 2016 na 2018 ukatajwa wa kwanza katika orodha ya mikahawa 50 bora duniani. Una meza zipatazo 12 tu. Mlo wa mtu mmoja, kabla ya kuhesabu divai, hupita Yuro 300, yaani takriban Sh45,000. Je, mteja hulipia nini hasa?

Kwanza, yafaa kuelewa utaratibu wenyewe. Mkenya aliyezoea mikahawa ya Waitaliano mjini Malindi huagiza piza au sahani moja ya tambi, akala akashiba. Katika mlo wa kuonja mambo ni tofauti. Mpishi ndiye huamua kitakacholiwa na kwa mpangilio upi. Sahani huweza kufika kumi au zaidi, nazo hufuatana kwa muda wa saa kadhaa. Kwa kawaida huanza vyakula vyepesi, vikafuatwa na samaki, tambi na nyama, kisha vitamutamu.

Lau kila sahani ingejazwa pomoni, mlaji angesalimu amri kwenye ya tatu. Ndiyo maana kila moja huwa vijiko vichache tu. Haba na haba hujaza kibaba, na anayefika mwisho huwa hana njaa tena.

Pili, mteja hulipia muda. Mfano bora ni sahani ya Bottura iliyotengenezwa kwa jibini la Parmigiano Reggiano. Gurudumu moja la jibini hilo huwa na uzani wa kilo 40 hivi, huhitaji takriban lita 550 za maziwa, na sharti likae ghalani miezi isiyopungua 12. Bottura hutumia jibini la umri wa aina tano: miezi 24, 30, 36, 40 na 50. Moja huokwa likaumuka, la pili huwa mchuzi mzito, la tatu povu, la nne kipande chembamba kinachovunjika kama biskuti, na la tano huwa povu jepesi mno, karibu hewa tupu. Mlaji hudhani anakula vitu vitano, kumbe ni kimoja kilichozeeka kwa viwango mbalimbali.

Tatu, hulipia kumbukumbu. Sahani nyingine mashuhuri ya mpishi huyo imetokana na ile sehemu ya juu ya lasagna iliyokauka kwa moto wa tanuri, ambayo watoto wa Modena huigombania. Msomaji aliyewahi kuvutana na nduguze kwa sababu ya ukoko wa wali haitaji kufafanuliwa zaidi.

Hata ajali ina nafasi yake. Siku moja msaidizi wake kutoka Japani, Takahiko Kondo, aliangusha mojawapo ya keki mbili za mwisho za limau. Kijana huyo alishikwa na fadhaa. Bottura alipoitazama, aliona uzuri katika ule uvunjikaji. Akaamuru ya pili nayo ivunjwe, ziandaliwe zote hivyo. Tangu hapo kitamutamu hicho huletwa mezani kikiwa kimevunjika makusudi.

Lakini lipo swali ambalo haliwezi kuepukwa: ni haki mtu kutumia fedha nyingi hivyo kwa chakula cha jioni moja ilhali wengine wanalala njaa?

Wakati wa maonyesho makubwa ya dunia jijini Milan mwaka wa 2015, ambayo mada yake ilikuwa kulisha sayari, Bottura alishirikiana na shirika la Kikatoliki la Caritas kugeuza jumba kuukuu la maigizo kuwa ukumbi wa kulia chakula. Makumi ya wapishi mashuhuri walialikwa kupika mabaki ya maonyesho hayo, kama vile mkate uliokauka na ndizi zilizoiva kupita kiasi, na walioandaliwa walikuwa watu wasio na makao. Mwaka uliofuata, yeye na mkewe, Lara Gilmore, waliasisi shirika la Food for Soul, na kumbi za aina hiyo zikafunguliwa Rio de Janeiro, London na Paris.

Hayo hayafuti pengo lililopo kati ya meza hizo mbili. Akthari ya waliokula Milan hawatawahi kuketi Modena. Hata hivyo, maarifa yaliyotumika ni yale yale. Mpishi aliyejifunza kuthamini sehemu iliyokauka ya lasagna na keki iliyoanguka ndiye aliyejua la kufanya na mkate mkavu ambao wengine walitaka kuutupa.

Kwa hivyo, anayelipa Sh45,000 hulipia miaka ya jibini ghalani, mikono ya wapishi wengi na fikira za mtu mmoja. Kama bei hiyo ni halali au la, kila mtu ataamua kwa kutazama mfuko wake na dhamiri yake. Ila somo la kutotupa ukoko halihitaji nauli ya kwenda Italia.