Maneno ya Ubora wa Dawa katika Nyanda za Juu za Uha

Sheria za dawa za Tanzania ziliandikwa kwa Kiingereza, lakini wengi wa watu wanaozitekeleza hutumia Kiswahili kazini na lugha zao za asili nyumbani. Katika Kasulu na Kibondo, mkoa wa Kigoma, lugha ya nyumbani ni Kiha, ambacho kina udugu wa karibu sana na Kirundi. Hivyo agizo moja juu ya ubora wa dawa hupita katika lugha tatu kabla ya kumfikia mgonjwa wa mahali kama Kitanga. Makala haya yaeleza baadhi ya maneno ya Kiswahili yaliyochukua mzigo wa maagizo hayo, na hasara itokeayo maana zake zinapochanganywa.

Neno *dawa* lina asili ya Kiarabu. Kiha, kama Kirundi, hutumia *umuti*, neno lenye shina lile lile la *mti* wa Kiswahili. Uhusiano huu una maana. Dawa ya miti ilijulikana kwa jani lake, gamba lake na mzizi wake, na mjuzi aliweza kuitambua kwa macho, kwa pua na kwa ulimi. Kidonge cha kiwandani hakitambulikani hivyo. Vidonge viwili vyeupe, kimoja chenye dawa kamili na kingine cha unga mtupu, vyaweza kufanana kama mapacha. Kwa sababu hiyo ubora wa dawa ya kisasa hutegemea ushahidi ulioandikwa: ni nani aliyeitengeneza, kwa vitu gani, lini, ilipimwa vipi, na ilihifadhiwa wapi.

Ulimwengu ulijifunza jambo hili kwa msiba. Mwaka 1937 watu zaidi ya 100 walikufa Marekani kwa kunywa dawa ya maji ya salfanilamidi. Dawa yenyewe ilikuwa njema. Sumu ilikuwa katika kiyeyusho chake, daiethilini glikoli, ambacho hakuna sheria iliyomlazimu mtengenezaji kukipima. Mwaka uliofuata nchi hiyo ilitunga sheria ya kutaka usalama wa dawa uthibitishwe kabla ya kuuzwa. Hata hivyo, mwaka 2022 sumu ile ile ilikutwa katika dawa za maji za kikohozi na mafua huko Gambia, ambako watoto wapatao 70 walikufa. Sheria pasipo utekelezaji haikuwa kinga.

Maneno mawili ya kwanza yanayotaka kutenganishwa ni *udhibiti wa ubora* na *uhakikisho wa ubora*. La kwanza latokana na kitenzi *dhibiti*, chenye asili ya Kiarabu na maana ya kushika barabara. La pili latokana na *hakika*. Katika fani ya dawa, udhibiti ni kazi ya maabara: kuchukua sampuli, kuiyeyusha, kuipima, na kuikubali au kuikataa. Uhakikisho ni mpana zaidi. Huanzia kwa mtoa malighafi, hupita kiwandani, bohari na barabarani, na kuishia katika rafu ya duka. Dawa yaweza kufaulu katika maabara ya Dar es Salaam kisha ikaharibika kwa jua na unyevu katika safari ndefu ya kwenda Kibondo. Udhibiti hautasema lolote juu ya safari hiyo. Uhakikisho ndio unaouliza. Anayetumia maneno haya kama visawe amefuta nusu ya sheria.

Jozi ya pili ni *duni* na *bandia*. Mwaka 2017 Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani uliacha orodha ndefu ya majina ya zamani na kubakiza aina kuu mbili pamoja na ya tatu, dawa isiyosajiliwa. *Dawa duni* ni ile iliyoidhinishwa lakini haikufikia kiwango chake, ama kwa kosa la kiwandani au kwa kuharibika. *Dawa bandia* ni ile ambayo utambulisho wake, viungo vyake au chimbuko lake limeelezwa kwa uongo makusudi. Kiswahili kilikuwa na maneno haya tayari: *duni* kwa maana ya kitu cha chini, na *bandia* kwa maana ya mwanasesere, yaani mfano wa mtu usio mtu. Tofauti yake ni ya vitendo. Ikipatikana dawa duni, toleo lake hutafutwa kwa namba na kuondolewa sokoni, na kosa husakwa kiwandani au ghalani. Ikipatikana dawa bandia, hutafutwa mhalifu. Muuza duka wa Kasulu aitwaye mwuza dawa bandia, ilhali alipokea dawa halali iliyoharibika njiani, ameshtakiwa kwa neno lisilo lake.

Neno la tatu ni *baridi*. Chini ya Sheria ya Famasi na Sumu ya mwaka 1978 palikuwa na maduka madogo yaliyoruhusiwa kuuza dawa zisizohitaji cheti cha daktari, nayo yakaitwa *maduka ya dawa baridi*. Hapa *baridi* ni kinyume cha *kali*, kama katika vinywaji baridi vinavyotengwa na vileo. Lakini wahudumu wa chanjo husema pia *mnyororo baridi*, na hapo baridi ni ya kweli: nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, bila kukatika. Hivyo dawa baridi haihitaji baridi, na dawa nyingi zinazohitaji baridi si dawa baridi. Tangu mwaka 2003, kwa kuanzia mkoa wa Ruvuma, ulianzishwa mpango wa *Duka la Dawa Muhimu*, wenye wauzaji waliofunzwa, kumbukumbu zilizoandikwa, na ruhusa ya kuuza baadhi ya dawa za cheti. Mpango huo ulienea baadaye nchini kote. Jina jipya liliondoa utata wa lile la zamani.

Mfano wa uundaji mwema ni *kitendanishi*. Kutokana na *tenda*, kwa viambishi *-an-* na *-ish-*, limepatikana neno la kitu kisababishacho vingine vitendane. Ndicho kipimo cha damu cha malaria katika zahanati. Maneno *dawa*, *vifaa tiba* na *vitendanishi* ndiyo yanayotaja kazi za mamlaka ya nchi. Iliundwa mwaka 2003 ikisimamia chakula, dawa na vipodozi. Mwaka 2019 chakula na vipodozi vilihamishiwa Shirika la Viwango, nayo ikawa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilikuwa limethibitisha kuwa imefikia ngazi ya tatu kati ya nne za ukomavu, ya kwanza barani Afrika.

Katika Uha jambo hili si la kamusi tu. Uchunguzi wa mwaka 2017 uliona malaria kwa asilimia 24 ya watoto wadogo wa mkoa wa Kigoma, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 7. Tiba yake ni *dawa ya mseto*, na katika mkoa jirani wa Kagera imethibitika kuwapo kwa vimelea vilivyoanza kustahimili mojawapo ya viungo vya mseto huo. Dawa iliyopungua nguvu humwacha mtoto hatarini na kuwaimarisha vimelea hao. Aidha, ng'ambo ya mpaka ni Burundi, ambako Kifaransa ni lugha mojawapo ya serikali. Maandishi ya pakiti ivukayo huenda asiyasome mnunuzi wala muuzaji.

Mwaka 2021 Bunge lilifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za nchi. Kwa hiyo maneno haya, yaliyokuwa ya semina na mabango, yatakuwa maneno ya mashtaka na hukumu. Yafaa wafasiri wa sheria za dawa watenge *udhibiti* na *uhakikisho*, *duni* na *bandia*, waliache *baridi* kwa mnyororo wa chanjo, na kila neno walipe maana moja kabla halijafika mahakamani.