Safu ya Sauti Kumi na Mbili: Muziki Uliowagawa Wasikilizaji

Usiku wa tarehe 31 Machi 1913, polisi wa mji wa Vienna, nchini Austria, waliingilia kati ghasia mahali ambapo si desturi ya polisi kuhitajiwa, yaani ndani ya ukumbi wa muziki. Hapakuwa na mgomo wala maandamano. Mabwana na mabibi waliovaa nguo za heshima walikuwa wakizomeana, na baadhi yao wakafikia hatua ya kupigana, kwa sababu ya muziki tu. Onyesho lilivunjika kabla ya kumalizika. Aliyeiongoza okestra usiku huo alikuwa mtungaji Arnold Schoenberg, mwenye umri wa miaka 38.

Pengine ndugu msomaji atauliza: ni muziki gani huo uwezao kuwatoa watu wazima katika adabu yao? Swali hili lafaa kujibiwa taratibu, kwa maana mgawanyiko ulioanza usiku ule haujamalizika hata leo.

MUZIKI USIO NA MAKAO MAKUU

Katika muziki tuliouzoea, tangu wimbo wa taifa hadi mwendo wa bendi ya gwaride, kuna sauti moja iliyo kama makao makuu. Sauti nyingine hutoka hapo, huzunguka, na mwishowe hurudi kuripoti. Sikio hungojea marejeo hayo, na yakitimia, moyo hutulia.

Schoenberg aliyaondoa makao makuu hayo. Kwanza aliandika kwa miaka kadhaa pasipo kanuni mpya iliyokamilika, na baadhi ya muziki wa usiku ule wa 1913 ulikuwa wa kipindi hicho cha mpito. Kisha, mwaka 1923, aliwaeleza wanafunzi wake utaratibu alioubuni.

Ukitazama piano utaona kwamba vibonyezo saba vyeupe na vitano vyeusi hufanya jumla ya sauti kumi na mbili, ndipo sauti ya kwanza hurudi tena kwa kimo cha juu. Mtungaji huzipanga sauti hizo zote katika safu moja, kwa mpangilio anaouchagua yeye. Mfano wake ni zamu ya lindo yenye askari kumi na wawili: hakuna anayeanza zamu ya pili kabla wenzake wote hawajatimiza ya kwanza. Hivyo hakuna sauti inayopata cheo juu ya nyingine. Si lazima zilie moja moja. Zaweza pia kulia pamoja.

Safu hiyo yaweza kwenda mbele, au kugeuka nyuma ianzie mwisho. Yaweza kupinduliwa, mahali pa kupanda pakawa pa kushuka, na hiyo iliyopinduliwa nayo yaweza kugeuzwa nyuma. Hizo ni namna nne. Kwa kuwa kila namna yaweza kuanzia sauti yoyote kati ya kumi na mbili, mtungaji anapata safu 48 kutokana na moja.

MTUNGAJI ALIYEVAA SARE

Wengi hudhani kwamba mtu wa namna hii alichukia utaratibu. Sivyo. Mwaka 1915, akiwa na umri wa miaka 41, Schoenberg aliingia katika jeshi la Austria na Hungaria. Mwaka uliofuata alitunga mwendo wa kijeshi uitwao Brigedi ya Chuma kwa ajili ya tafrija ya askari wenzake. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba afisa mmoja alimwuliza kama ndiye yule Schoenberg mwenye sifa mbaya. Akajibu kwamba ilibidi mtu mmoja awe huyo, na kwa kuwa hakuna aliyetaka, yeye alijitolea.

PANDE MBILI

Tarehe 2 Desemba 1928, Wilhelm Furtwängler aliongoza mjini Berlin kazi ya Schoenberg kwa okestra nzima, iliyotungwa kwa utaratibu huo mpya. Kwa mara nyingine miluzi na kelele zilisikika ukumbini.

Wapinzani wana hoja yao, na si ya kudharauliwa. Husema kwamba utaratibu usiosikika si utaratibu, kwa maana hata mwanamuziki mzoefu hutatizika kuifuata safu kwa sikio. Watetezi hujibu kwamba nyumba husimama kwa nguzo ambazo mgeni hazioni. Schoenberg mwenyewe hakutaka msikilizaji ahangaike kuhesabu safu; alitaka muziki wake usikilizwe kama muziki mwingine wowote.

Walakini kukataa kusikiliza ni jambo moja, na kuwazuia wengine wasisikilize ni jambo jingine. Mwaka 1933 utawala wa Hitler ulimwondoa Schoenberg, aliyekuwa Myahudi, katika kazi yake ya kufundisha mjini Berlin, naye akahamia Marekani. Mwaka 1938 muziki wake uliwekwa katika maonyesho mjini Düsseldorf ili udhihakiwe hadharani.

SAJINI NA HESABU

Mwaka 1947 Schoenberg alitunga kwa sauti kumi na mbili kazi ya dakika kama saba iitwayo Mwokokaji wa Warsaw. Msimulizi anaeleza jinsi Wayahudi walivyoamshwa alfajiri kwa tarumbeta, wakapigwa, kisha sajini akawaamuru wahesabiane ili ajue idadi ya watakaopelekwa kuuawa. Hesabu inakwenda polepole, inaongeza mwendo, inakuwa kama farasi wanaotimua mbio; ndipo ghafula wanaume wote wanaimba sala ya kale ya Kiebrania.

Kila askari ameisikia amri ya kuhesabu. Hapa anaisikia ikitumiwa kwa uovu, na ule muziki usio na makao haumwachi mahali pa kupumzikia. Nyimbo tamu zingeyalainisha mambo hayo. Sauti hizi haziyalainishi.

Kazi hiyo ilipigwa kwa mara ya kwanza tarehe 4 Novemba 1948 katika mji wa Albuquerque, Marekani, na okestra ya mji huo ikiongozwa na Kurt Frederick. Miongoni mwa waimbaji walikuwamo watu wa mashambani, wasio wanamuziki wa kulipwa. Ilipokwisha, ukumbi ulikaa kimya. Frederick akairudia yote tangu mwanzo, na safari hii wasikilizaji wakashangilia kwa nguvu.

Si lazima mtu aupende muziki huu. Anayetaka kuujaribu aanze na kazi fupi, au na tamasha la fidla la Alban Berg la mwaka 1935, ambalo hata wapinzani wengi hulikubali. Lakini asikilize mara mbili kabla ya kutoa hukumu. Kuruta huliona gwaride siku ya kwanza kuwa ni vishindo vya buti tu. Siku anapoingia safuni ndipo huujua mpango wake.