Kisukari na Kidonda cha Upasuaji

Chukulia mama wa Msasani, Tukuyu, mwenye kisukari, amepangiwa upasuaji wa ngiri katika hospitali ya wilaya, Makandana. Anatobolewa kidole, kipimo kinasoma milimoli 15 kwa lita. Kwa kuwa si dharura, daktari anaweza kuahirisha mpaka sukari ishuke. Kwa nini?

Anza na unachokijua. Kwa mtu asiye na kisukari, glukosi ya damu kabla ya kula huwa takribani milimoli 4 hadi 6 kwa lita. Ikipanda, kongosho hutoa insulini, na ini huhifadhi ziada kama glikojeni. Kwa mwenye kisukari, insulini haitoshi au seli haziiitikii ipasavyo.

Upasuaji nao huongeza tatizo. Mwili haujui kwamba kisu ni cha daktari. Kwake hilo ni jeraha. Tezi za adrenali humwaga adrenalini na kotisoli, ini huachia glukosi, na sukari hupanda hata kama mgonjwa hajala tangu jana usiku. Hoja hii watahiniwa huisahau sana.

Sasa maambukizi. Wengi huandika "bakteria hupenda sukari" kisha huweka nukta. Si kosa, ila ni jibu dogo. Hoja nzito ni seli nyeupe za damu: sukari ikizidi, huchelewa kufika kwenye jeraha na uwezo wake wa kumeza bakteria (fagositosisi) hupungua. Bakteria wachache waliotoka kwenye ngozi huzaliana, kidonda hutunga usaha. Ongeza mishipa midogo iliyoharibiwa na kisukari cha miaka mingi: oksijeni haifiki vizuri, na antibiotiki husafiri kwa damu hiyohiyo.

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza sukari idhibitiwe wakati wa upasuaji hata kwa watu wazima wasio na kisukari. Lakini usiandike "ishushwe kadiri iwezekanavyo". Ikishuka chini ya 4, ubongo huanza kukosa nishati, na aliyelazwa kwa dawa ya usingizi hawezi kusema anatetemeka. Ndiyo maana hupimwa mara kwa mara, na lengo la kawaida ni kati ya 6 na 10.

Jipime: Insulini ni protini. Eleza kwa nini mama huyu atapewa kwa sindano au dripu, si kwa kidonge cha kumeza. (Alama 3)