Kisu cha Mvuvi Nacho Kioshwe

Wahenga walisema kwamba mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Waliusifu ukali wa kisu, wala hawakuutaja usafi wake, pengine kwa kuwa waliuona kuwa ni jambo lisilohitaji kusemwa. Sisi wa leo tumeushika upande mmoja tu wa usemi huo. Pitia mialo ya Ziwa Viktoria, kuanzia Kirumba na Igombe hata Nansio, Ukara, Kome na Maisome, utawaona vijana wakinoa visu vyao juu ya mawe kwa bidii ya kupendeza. Lakini ni nadra kumwona mmoja wao akikiosha kisu hicho kabla ya kukipeleka kwenye chakula.

Hivi karibuni tulisafiri kwa mtumbwi wa mashine kuelekea kisiwa kimoja cha mkoa wetu. Nahodha alikuwa kijana mwenye adabu na ujuzi wa kazi yake, na mfukoni mwake mlikuwa na kisu cha kukunja. Asubuhi ile tulikihesabia kisu hicho kazi tano. Alikatia kamba ya nanga iliyokuwa na utelezi wa majani ya ziwani, akakwangulia plagi ya mashine iliyoshika masizi, akapasulia tumbo la sato aliyemnunua kwa wenzake, akakatia tumbaku, kisha akakipangusa juu ya paja la suruali, akamenya chungwa la Ukerewe na kutukaribisha.

“Mzee, karibu tunda la kwetu,” alisema.

Tulilipokea tukala, kwa kuwa tuliona haya kuurudisha mkono wa ukarimu. Kipande cha pili alipewa mtoto mdogo aliyepakatwa na mama yake, naye akakifyonza kwa furaha. Ndipo tulipomwuliza nahodha, kwa upole, kama kisu kile huwa kinaoshwa. Alishangaa. “Mzee, kisu hiki ni kikali kama wembe,” alijibu, “na hakijashika kutu hata chembe.” Jibu lile halikuwa la jeuri. Kijana alisema kwa kadiri alivyofundishwa. Na hapo ndipo lawama inapotugeukia sisi tuliopewa dhamana ya kufundisha na kuongoza, ambao hata siku hiyo tulikula kwanza na kuuliza baadaye.

Yafaa basi tueleze jambo lenyewe. Matumbo ya samaki, kama matumbo ya mnyama yeyote, yana vijidudu visivyoonekana kwa macho, na samaki aliyevuliwa au kuoshwa katika maji machafu huwa nao hata juu ya magamba. Samaki huyo akipikwa vizuri, moto humaliza kazi, wala hapana hofu. Hatari inakuja pale ambapo kisu kilichompasua kinahamia kwenye kitu kisichopikwa: chungwa, embe, nanasi, nyanya ya kachumbari. Tunda halipiti motoni. Kila kilichokuwamo katika bapa la kisu huingia mdomoni kama kilivyo.

Vijidudu hivyo ni vingi wa kuzaana. Vikipata joto na unyevu, baadhi yao huweza kuongezeka maradufu kila baada ya dakika 20 hivi. Kwa hesabu hiyo, kijidudu kimoja kilichobaki kisuni saa mbili asubuhi, katika uchafu wa utumbo wa samaki, kinaweza kuwa zaidi ya 4,000 ifikapo saa sita mchana. Kisu cha kukunja kinazidi visu vingine kwa jambo hili, kwani kina bawaba, na kina mwanya ndani ya mpini ambamo bapa hulala. Damu, magamba na maji ya tunda hutiririkia humo, hujificha penye giza na joto la mfukoni, na kila kisu kinapofunguliwa hutoka tena. Mtu aweza kulipangusa bapa likang'aa kama kioo, ilhali shina la uchafu limebaki bawabani.

Hatupendi kutia chumvi. Kipindupindu na homa ya matumbo huenezwa hasa na kinyesi cha binadamu kinachoingia katika maji na chakula, na hakuna kisu kitakachochukua nafasi ya choo bora na maji salama. Lakini kisu ni daraja. Mkono usionawa hukishika, ndoo ya maji machafu hukipokea, kisha chenyewe hulivusha gonjwa mpaka ndani ya tunda ambalo ganda lake lilikuwa limelilinda tangu mtini. Mwuza machungwa anayekichovya kisu chake katika ndoo moja tangu alfajiri hata jioni anadhani anakisafisha. Kwa kweli anawagawia wateja wake wa jioni mabaki ya wateja wa asubuhi.

Wakazi wa kanda yetu hawahitaji kukumbushwa uchungu wa maradhi hayo. Kipindupindu kilisambaa nchini kwa kishindo katika miaka ya 1977 na 1978, nacho kimekuwa kikirudi mara kwa mara. Mlipuko ulioanza Agosti 2015 mjini Dar es Salaam ulifika karibu mikoa yote ya Bara, ukaugusa na mkoa wetu, na katika mwaka wake wa kwanza uliwapata watu zaidi ya 20,000. Mwanzoni mwa 2024 Kanda ya Ziwa ilikuwa na wagonjwa tena. Kwa mtu wa mjini, gonjwa la kuhara ni safari fupi kwenda hospitali. Kwa mtu wa kisiwani, ni mtumbwi, ni upepo, ni usiku, na ni mwili unaozidi kukauka wakati nchi kavu ingali mbali. Mgonjwa wa kipindupindu asiyerudishiwa maji mwilini aweza kufa katika muda wa saa chache. Kwa hiyo tahadhari ambayo mjini huitwa uungwana, kisiwani ni uhai.

Kuna jambo jingine ambalo limetukaa moyoni. Mwaka 1997 Hispania na Italia zilizuia minofu ya sangara wa Ziwa Viktoria kwa sababu ya kugunduliwa kwa vijidudu viitwavyo salmonela. Tangu mwanzoni mwa 1998 Umoja wa Ulaya nao ukazuia samaki wabichi kutoka Tanzania, Kenya, Uganda na Msumbiji kwa hofu ya kipindupindu. Viwanda vikapunguza kazi, bei ikaanguka mialoni, na wavuvi wakaonja shida. Baada ya hapo, nchi zetu zilijifunza haraka. Viwanda vya samaki vya Mwanza vikatilia nguvu utaratibu wa kuviosha na kuviua vijidudu visu vyote, mipini isiyonyonya maji ikatumika badala ya ile ya mti, na Serikali ikajijengea uwezo wa kupima samaki katika maabara yake ya Nyegezi. Huo ulikuwa ushindi, nasi twaupongeza.

Lakini tujiulize kwa haki. Kisu kinachokata mnofu wa mlaji wa Ulaya kinaoshwa kwa sabuni, kwa maji salama na kwa dawa, tena mkaguzi amesimama kando yake. Kisu kinachokata chakula cha mtoto wa Ukara kinapanguswa surualini. Sangara ni yule yule, ziwa ni lile lile, na mikono ni ya watu wale wale. Je, ni nani aliyeamua kwamba tumbo la mgeni lina heshima kuliko tumbo la mwenyeji? Hakuna aliyeamua. Tumeachia tu hivyo, kwa sababu wa kule alitutishia kuzuia fedha yake, na mtoto wa hapa hana cha kutuzuilia.

Kazi yenyewe si kubwa wala haihitaji fedha za kigeni. Kwanza, mwenye uwezo na awe na visu viwili: kimoja cha kamba, nyavu na mashine, kingine cha chakula pekee, naye akitie alama mpini ili kisichanganywe. Pili, asiye na uwezo huo akioshe kisu chake kimoja kila kinapotoka kazi moja kwenda nyingine, hasa kinapotoka kwa samaki mbichi kwenda kwenye tunda. Tatu, kisu cha kukunja kifunguliwe mpaka mwisho. Bawaba na mwanya wa mpini visuguliwe kwa maji ya moto na sabuni, kwa mswaki wa mti au brashi kuukuu, kisha kisuuzwe kwa maji yaliyochemshwa. Maji yanayobaki katika birika la chai yanatosha. Nne, kisifungwe kikiwa kimelowa. Kiachwe wazi juani hadi kikauke, kwani vijidudu vya kipindupindu havistahimili ukavu. Lakini wako wengine wanaoustahimili, na ndiyo maana jua haliwezi kuwa badala ya sabuni. Tano, bawaba ikihitaji mafuta, itiwe tone la mafuta ya kula, kamwe si oili ya mashine.

Tena maji ya ufukweni penye kutupiwa matumbo ya samaki si maji ya kuoshea kisu cha chakula. Anayeingia humo kwa miguu kukiosha anajitafutia na kichocho juu yake. Maji yachotwe, yachemshwe au yatiwe dawa, na kisu kioshewe nchi kavu.

Wengine watasema kwamba haya ni mambo ya wasomi. Sivyo. Chuoni, kabla hatujajua kusoma herufi za Kirumi, mwalimu wetu alitufundisha mlango wa tahara kabla ya milango mingine, nasi tuliona jinsi kisu cha kuchinjia kilivyonolewa mbali na macho ya mnyama, na baada ya kazi kikaoshwa damu kabla ya kugusa kitu kingine. Wazee wale hawakuwa na hadubini. Walijua tu kwamba chombo hubeba kilichokigusa. Baadaye, katika shule ya Serikali, mwalimu wa sayansi alituonyesha sababu yake. Mafundisho mawili yalikutana wala hayakugombana.

Wala nchi hii si ngeni katika elimu ya namna hiyo. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Walioishi siku zile wanatusimulia kwamba nguvu yake haikuwa katika amri, bali katika jirani kumwona jirani akitenda.

Kwa hiyo tunatoa rai. Maofisa wa afya wakikagua mialo, wasiishie kwenye vyoo na mizani; wakiulize na kisu. Halmashauri zihakikishe kwamba kila mwalo una meza ya kupasulia samaki, maji salama na sabuni, kwa kuwa si haki kumkaripia mvuvi kwa kutotumia kitu ambacho hakikuwekwa. Vikundi vya usimamizi wa fukwe vilizungumze jambo hili pamoja na nyavu haramu. Serikali za vijiji, ambazo kwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982 zina uwezo wa kutunga sheria ndogo na kuziombea kibali cha halmashauri ya wilaya, ziwaongoze wauza matunda waache ndoo moja ya kutwa. Na sisi viongozi, tunapokaribishwa chungwa mtumbwini, tuwe na ujasiri wa kuomba kwanza maji ya kukioshea kisu, kwa adabu, mbele ya watu, tena tukioshe kwa mikono yetu wenyewe.

Yule nahodha tuliagana naye bandarini. Tulimpa kipande cha sabuni tulichokuwa nacho safarini, naye akakipokea huku akicheka, akakitia mfuko ule ule wenye kisu. Hatujui kama alikitumia. Lakini kisu na sabuni vimekwisha kukutana katika mfuko mmoja. Kazi iliyobaki ni yetu sote, kuhakikisha kwamba havitengani.